Siku Sita Nilizovuta Wavu wa Baba

Jumamosi, tarehe 21 mwezi wa tatu. Mvua ilianza alfajiri, ndogo-ndogo, ikakatika kwenye saa tatu. Baadaye jua likawa kali mpaka mabati yakaanza kulia, na rasi ya Ubwari ng'ambo ikaonekana karibu, kila mti peke yake.

Naandika katika kaye, daftari la kibanda changu, lakini kutoka nyuma, maana kurasa za mbele zina majina ya wenye simu. Kibanda ni cha kuchajisha simu hapa Baraka, kando ya ziwa: pano mbili za umeme wa jua juu ya bati, ubao wenye nyaya nyingi chini, na kiti changu. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, na sina uhakika kama mambo ya mchezo wa simu yanastahili wino. Lakini leo nyumbani kwetu kuna jambo limetokea, na jambo hilo lilipitia mchezoni. Nisipoandika upande wa kila mtu, kesho nitakumbuka upande wangu tu.

Nianze na mimi. Mimi ni mchezaji wa dakika kumi. Mteja akiondoka na mwingine hajafika, nafungua mchezo wangu wa uvuvi. Kuna ziwa, kuna mtumbwi, kuna mtu mmoja mwenye kofia. Unaweka kidole chini ya kioo, unavuta mpaka juu, wavu unapanda. Samaki wanaruka, maji yanatoa sauti. Furaha yangu iko hapo tu, kwenye ule wakati mfupi kabla wavu haujatoka majini, ambapo hujui kilichomo. Nikiupata mara nne au tano, nafunga, naendelea na nyaya zangu.

Ubaya unaanza pale mchezo unapojua kwamba umeupenda. Mwanzoni unavuta mara tatu, unapewa kofia mpya. Halafu mara kumi. Halafu hamsini. Samaki ni walewale na maji ni yaleyale, hesabu tu ndiyo imeongezeka. Na kuna ile kalenda: visanduku thelathini, kila siku kisanduku kimoja, na kila kisanduku kinadai mivuto hamsini. Ukimaliza vyote unapewa chombo kikubwa chenye injini. Ukikosa siku moja, unarudishwa kisanduku cha kwanza. Hapo mimi huona nimeajiriwa bila kuulizwa. Sijawahi kuvuka kisanduku cha sita.

Mke wangu anaita kazi hiyo kukokota, na anaipenda. Yeye huuza ndakala wakavu, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na akikosa wateja anacheza mchezo wake wa kupanga matunda. Amefika nivo, ngazi ya mchezo, ambayo sijaiona kwenye simu nyingine yoyote iliyopita kibandani kwangu, na zimepita nyingi. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia anafanya kazi ya bure, tena kazi ya kurudilia, kama mtu anayechota maji kwa kikapu. Akanijibu bila kuinua macho:

"Kazi ya bure mi naijua. Naanika ndakala ku muchanga, nageuza, nageuza, mvua inakuja, yote inaoza. Mu simu nikigeuza, inahesabiwa. Nionyeshe mahali ingine mu Baraka yote kazi yangu inahesabiwa namna ile."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nilichoweza kumuuliza ni furaha iko wapi. Akasema iko mu kuendelea. Kisha akaongeza kwamba mimi nacheza kama mtu anayeonja mboga ya jirani, kijiko kimoja, halafu anafunga mlango. Watoto walicheka, nikacheka na mimi, maana ni kweli.

Sasa baba.

Baba alivua ndakala na mikeke kwenye ziwa hili tangu kabla sijazaliwa, kwa taa, pamoja na ekipe yake, wenzake wa chombo kimoja, mpaka mwaka juzi damu ilipopanda na upande wake wa kuume ukalala. Mguu ulirudi baada ya miezi. Mdomo ulirudi. Mkono ulibaki umekunjwa, vidole vimefunga kama vimeshika kitu ambacho sisi hatukioni. Mama alitutoka zamani, kwa hiyo baba anakaa nasi, chumba cha mbele, karibu na mlango.

Kwetu wanaume wanakula sahani moja: baba, mimi na vijana wangu wawili. Mke wangu na binti wanakula yao pembeni ya jiko. Tangu alipougua, baba aliacha sahani yetu. Kwa mkono wa kuume hawezi kumega bugali, na mkono wa kushoto hauingizwi katika sahani ya watu. Alikula chumbani kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, ameelekea ukuta. Nilimwambia mara nyingi kwamba aje tu na kijiko chake, hakuna atakayesema neno. Siku moja akanijibu taratibu, kama mtu anayesema bei ya mwisho:

"Siku nitakula na mukono yangu mu sahani ya banaume, njo siku nitasema nimepona. Mbele ya pale, muniache."

Tukamwacha. Lakini kila jioni nilisikia kijiko chake nyuma ya pazia, na bugali yangu ilikuwa nzito kushuka.

Muuguzi wa kituo cha afya alisema vidole vinatakiwa vitembee kila siku, vikunjwe na vikunjuliwe, zaidi vikunjuliwe, maana kufungua ndiko kugumu. Akatushonea mpira wa matambara wa kuminya. Baba aliushika siku mbili. Siku ya tatu akampa mbuzi wa jirani, akasema yeye si mtoto wa kucheza na matambara.

Wazo la simu lilikuwa la mke wangu, na hapa namwandikia haki yake. Mimi nilipinga. Nilisema mzee amevuta nyavu za kweli maisha yake yote, tumpe wavu wa uongo? Itakuwa kama kumkumbusha msiba. Mke wangu akasema tujaribu, akikataa simu itarudi kibandani. Tulikuwa na simu ya akiba, kioo chake kina ufa pembeni lakini kinasikia kidole. Tukaweka mchezo wangu, tukampelekea asubuhi kwenye kiti chake cha barazani.

Aliangalia muda mrefu bila kugusa. Kisha akaanza kuukosoa mchezo. Huyu mtu yuko peke yake mtumbwini, ekipe yake iko wapi? Nani anamshikia taa? Mbona anatoa lumbu, samaki wa taa, mchana kweupe, tena upande ambao upepo unatoka? Akamwita mke wangu aje aone upumbavu. Nami nikafikiri, haya, imeshindikana. Lakini alikuwa ameshaweka kidole. Kwa mkono wa kushoto alishika kifundo cha mkono wa kuume, akausukuma polepole juu ya kioo, na wavu ukapanda. Kulikuwa na samaki wawili. Akasema, "Wadogo."

Akavuta tena.

Toka siku ile akawa anavuta kila asubuhi. Mivuto hamsini ilimchukua mpaka jua linafika kwenye ngazi. Mke wangu, kabla ya kwenda sokoni, alimfungulia kalenda na kumsomea. Wakawa ekipe, wao wawili. Alikuwa akimwambia, "Papa, leo ni kisanduku ya kenda, usinitie haya," naye baba anamwambia aende akauze ndakala zake kabla hazijafufuka. Mimi nilipita katikati yao na nyaya mabegani kama mgeni.

Niseme ukweli: mwanzoni nilimwonea baba huruma isiyo na maana. Nilimwona amekuwa kama mke wangu, ameajiriwa na kisanduku. Nilitaka acheze kama mimi, avute mara nne, afurahi, apumzike. Lakini kwenye kisanduku cha kumi na mbili nilimkuta anavuta bila kushika kifundo. Mkono ulikuwa unakwenda peke yake, unatetemeka, lakini unakwenda. Aliona naona. Akaendelea kuvuta, na mimi nikaenda kufungua kibanda, na njia nzima sikuona vizuri nilipokanyaga.

Tukafika kisanduku cha ishirini na mbili. Asubuhi iliyofuata mke wangu alimletea simu kama kawaida, na baba akaisukuma pembeni.

"Mwezi umejaa," akasema. "Bantu hawashuke."

Mke wangu alidhani anatania. Akamwambia, "Papa, mu simu mwezi haiko."

"Njo maana samaki yake haina akili."

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Wasiokaa kando ya ziwa niwaeleze kidogo. Ndakala huvuliwa kwa taa, katika giza. Mwezi ukijaa, mwanga unakuwa kila mahali, na taa ya mvuvi inakuwa si kitu. Samaki hawana sababu ya kukusanyika. Kwa hiyo siku zile ekipe zote zinapandisha vyombo mchangani. Watu wanashona nyavu, wanaziba nyufa, wanatembelea wakwe, wanamaliza ugomvi uliobaki. Na ni makubaliano pia. Anayeshuka peke yake wakati wenzake wamepumzika anaonekana mwizi, hata akirudi mikono mitupu.

Mke wangu alimwelezea kalenda tena. Akikosa siku moja, ishirini na mbili zote zinakufa. Chombo kikubwa kimebaki karibu hivi. Baba alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza kama aliyetengeneza mchezo ule ana watoto. Mke wangu akasema hajui. Baba akasema basi kama anao, wanamwona lini?

Neno hilo lilinigonga mimi kuliko mke wangu. Nilipokuwa mdogo, siku za kawaida baba alirudi asubuhi, akalala mchana, akaondoka jioni. Nyumba yetu ilikuwa na baba siku za mwezi mweupe tu. Ndizo siku aliponiketisha kati ya magoti akanifundisha fundo la wavu. Ndizo siku alipomchokoza mama jikoni mpaka anafukuzwa kwa mwiko. Mimi nilikuwa nauombea mwezi ujae, na sikujua kwamba kwa mama maana yake ilikuwa siku za chakula kidogo. Sasa nikafikiri kwamba mchezo wa visanduku thelathini ni ziwa ambalo mwezi haujai kamwe. Hakuna mvuvi wa Baraka wala wa Ubwari aliyewahi kushuka siku thelathini mfululizo. Labda hilo ndilo nililokuwa nalichukia siku zote bila kujua kulisema. Kuvuta mara hamsini hakuna ubaya, baba alivuta mara elfu na elfu. Ubaya ni kwamba hakuna anayekwambia leo pandisha chombo.

Naona nimeandika vizuri hapo, na kwa hiyo naona aibu, kwa sababu ya lile nililolifanya baadaye.

Simu ya baba ililetwa kibandani kuchajiwa kama simu nyingine. Nilipoichomeka nikaona kalenda imefunguka, kisanduku cha ishirini na tatu kinameta-meta, kinasubiri. Nilifikiri siku ambazo baba ataacha kuvuta, na vidole vitafunga tena. Nilifikiri akirudi na kukuta amerudishwa mwanzo, atakata tamaa. Nilifikiri uso wa mke wangu. Hizo ndizo sababu nilizojiambia, na sidhani ni za uongo, lakini ninayo na nyingine: nilitaka na mimi niwe katika ekipe ile. Nikaweka kidole, nikavuta mara hamsini.

Nilivuta siku sita. Mimi, mtu wa dakika kumi. Siku ya kwanza nilichoka mpaka nikamrudishia mteja simu isiyo yake. Siku ya pili nilikuwa nahesabu kwa hasira. Siku ya tatu, na hili naliandika kwa ajili ya mke wangu, kitu kilibadilika. Niliacha kungoja samaki. Nilikuwa nafikiri mkono wa baba, ulipoanzia, ulipofikia, na kidole changu kilikuwa kinakwenda chenyewe, nikawa na utulivu ambao dakika zangu kumi hazijawahi kunipa. Kama hiyo ndiyo anayoiita kuendelea, basi nilimcheka bure. Kila jioni nilirudisha simu mezani na sikusema kitu.

Mwezi ulipoanza kupungua, ekipe zikashusha vyombo, na baba akaomba simu yake. Mimi nilikuwa barazani nafunga kiatu. Akafungua ghala, pale samaki wote uliovua wanapangwa. Akatazama. Akafungua kalenda, akahesabu visanduku kwa ncha ya kidole, pole sana. Kisha akamwita mke wangu atoke jikoni.

"Mama," akamwambia, ndivyo anavyomwita, "nani alishuka na chombo yangu mwezi ikiwa imejaa?"

Mke wangu akasema hajui. Baba akasema katika nyumba hii anayependa kukokota ni mmoja. Hakupaza sauti. Mke wangu aliapa kwamba hakugusa. Baba akazima simu, akaiweka sakafuni chini ya kiti, akageuza uso upande wa ziwa. Mke wangu akanitazama mimi, si kwa kunishuku, alitaka tu nimsemee. Nami nikasimama, nikasema nachelewa kibandani, nikaondoka.

Nimeandika hilo na nitaliacha. Nilimwacha mke wangu na kosa langu mchana kutwa na usiku wake. Jioni hakuniuliza kitu, alinipakulia tu. Asubuhi baba hakuvuta. Mkono ulikuwa juu ya paja, umefunga.

Nilikifunga kibanda saa sita mchana, jambo nisilolifanya, nikarudi. Mke wangu alikuwa hajaenda sokoni siku ile. Nikachuchumaa mbele ya kiti cha baba, mke wangu akisikia kutoka mlangoni, nikasema ni mimi. Nikasema siku zote sita. Nikasema nilihofia mkono wake, na nilihofia visanduku.

"Mi sina shida na visanduku," baba akasema. "Sikia, mutoto yangu. Samaki yote ilikuwa mule ndani, kila moja nilikuwa najua ni mukono yangu. Nikilala nilikuwa nawawaza, nasema, hii yote ni mukono ile walisema imekufa. Sasa we umechanganya yako. Sijui tena yangu ni gani."

Sikuwahi kufikiri kwamba ghala lile lilikuwa na kazi hiyo. Kwangu samaki wa simu ni picha. Kwa mke wangu ni hesabu inayokwenda mbele. Kwa baba walikuwa mashahidi, na mimi nilikuwa nimeingiza mashahidi wa uongo kati yao, kwa mapenzi.

Akamwita mke wangu, akamwambia mbele yangu kwamba alimsingizia bila haki, amsamehe. Mke wangu alijibu kwamba kuna siku atalidai deni hilo, na papa ajiandae. Kisha akanitazama mimi, akasema, "Na we, unakula mboga ya jirani mpaka sufuria." Hapo nikajua nitasamehewa, ingawa si siku ile.

Baba akaomba simu. Akauliza, je, mule ndani mtu anaweza kurudisha samaki majini? Mke wangu akamwonyesha. Unamgusa samaki kwa vidole viwili vilivyokaribiana, halafu unavitanua juu ya kioo, na samaki anaachiwa. Mmoja mmoja. Hakuna njia ya kuwaachia wote pamoja. Nadhani waliotengeneza mchezo hawakufikiri kwamba kuna mtu atataka.

"Yote, Papa?" mke wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona nyumba inabomolewa.

"Yote. Yake na yangu. Nitavua ingine."

Akaanza. Kidole gumba na cha shahada, pamoja, halafu vitanuke. Wa kwanza alimshinda. Vidole vilikuja pamoja vizuri, lakini kutanuka vilikataa, vikatetemeka, vikateleza. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Mke wangu akanyoosha mkono amsaidie, baba akamtazama, naye akaurudisha. Samaki wa kwanza aliondoka baada ya muda ambao mimi ningekuwa nimechomeka simu zote za ubao.

Ghala lilikuwa na mamia. Alifanya hivyo wiki tatu. Asubuhi wachache, jioni wachache, na siku akichoka alisema leo upepo ni mbaya, akaweka chini. Hakuna kisanduku kilichofunguka kwa kazi hiyo, hakuna kofia, hakuna injini. Kalenda ilirudi mwanzo ikabaki hapo. Kama kuna kukokota duniani, ni kule. Na alikuwa anaimba puani, nyimbo za kuvutia nyavu, ambazo sijazisikia tangu augue. Mke wangu alikaa naye kila alipoweza. Mwanzoni alikuwa anahesabu waliobaki kwa uchungu. Baadaye akawa anawaaga.

Mimi maoni yangu yamechafuka. Nilikuwa na maneno mazuri juu ya mwezi mweupe, na bado nayaamini. Lakini nimeona pia kazi ya kurudilia isiyo na malipo hata kidogo, na mtu anaifurahia kuliko mimi ninavyofurahia wavu wangu wa nne. Labda swali langu lilikuwa baya toka mwanzo. Nilikuwa nauliza mchezo unakupa nini. Sikuuliza nani anashika kalenda, wewe au wao. Lakini mke wangu anakubali kalenda ishikwe na wengine na anafurahi hivyohivyo, kwa hiyo hata hilo silisemi kwa nguvu.

Na niwe wa haki mpaka mwisho. Siwezi kuandika kwamba mchezo umeponya mkono. Muuguzi alipouona juzi alifurahi, lakini alisema kuna mikono inayorudi yenyewe polepole hata baada ya mwaka, na mpira wa matambara ungeweza kufanya kazi ileile kama mbuzi asingepewa. Huenda. Alisema pia siku sita za kupumzika hazikumdhuru, mkono ulikuwa umeanza kuvimba kwenye kifundo na sisi hatukuona. Kwa hiyo baba alikuwa sawa, na mke wangu alikuwa sawa kumfanya aanze. Mimi tu natafuta mahali nilipokuwa sawa.

Samaki wa mwisho aliondoka juzi Alhamisi.

Leo jioni nilikuwa nimetandika mkeka, vijana wameketi, binti ameleta maji ya kunawa. Pazia la chumba cha mbele likasogea. Baba akatoka bila kijiko. Alikuja akishika ukuta, akashuka kwenye mkeka taratibu, goti moja, kisha lingine, mahali pake pa zamani, ambapo kijana wangu mkubwa alikuwa ameketi miezi yote hii. Kijana akasogea. Baba akanyoosha mkono wa kuume kwanza, ukamwagiwa maji.

Jikoni mwiko ulikuwa umenyamaza. Nilijua mke wangu amesimama nyuma ya mlango.

Akaweka vidole kwenye bugali, vikakusanyika. Akamega. Tonge lilikuwa kubwa kuliko inavyopasa na halikuwa na umbo. Alilichovya, likavunjika, nusu ikabaki katika mboga na nusu ikamdondokea kijana mdogo kwenye kaptura.

"Koko, ile ilikuwa yangu?" kijana akamwuliza babu yake.

"Kula, yote ni ya sisi," baba akasema, akamega tena.

La pili lilifika mdomoni. Alitafuna muda mrefu, macho yake kwenye sahani. Vidole havikufunguka vyote kuliachia tonge, akavisaidia kwa midomo. Matonge sita au saba alikula hivyo, kisha mkono ukachoka, akauweka juu ya goti, akabaki ameketi nasi mpaka mwisho, anasikiliza vijana wakigombania ndakala wa mwisho. Mke wangu alileta kijiko, akakiweka pembeni, mbali kidogo. Baba hakukigusa.

Tulikula bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese, na ndakala wa kukaanga na nyanya.